Medali, muda na kazi ya leo: jinsi ya kuweka lengo linaloinua kiwango cha mwanamichezo

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alichukua uongozi mapema kwenye fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, na hakuna aliyempita hadi mwisho. Alikuwa kijana wa miaka 20. Saa zilionyesha dakika 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alikuja John Walker, mwenyeji, aliyekimbia mbele ya watu wake kwa 3:32.5. Rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun ilikuwa 3:33.1, kwa hiyo siku ile Walker naye alikimbia kasi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi kabla ya mbio zile, akaambulia medali ya fedha.

Mwaka 1976, kwenye Olimpiki ya Montreal, Walker huyo huyo alitwaa dhahabu ya mita 1500 kwa muda wa 3:39.17, karibu sekunde saba nyuma ya muda wake wa Christchurch. Bayi hakuwepo, kwani Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Michezo ile.

Katika mbio mbili hizo umo mkanganyiko wote wa malengo michezoni. Siku Walker alipokimbia vizuri kuliko wakati wowote hadi hapo, alishindwa. Siku alipokimbia taratibu, alishinda. Kama lengo lake lilikuwa dhahabu, basi Christchurch alifeli. Kama lilikuwa kushusha muda wake, alifaulu kupita kiasi. Mwanamichezo asiyejua ni lengo la aina gani analolishika atajilaumu siku ya kujipongeza, na pengine atajipongeza siku ambayo alitakiwa kurudi uwanjani kurekebisha makosa.

Wataalamu wa saikolojia ya michezo hugawa malengo katika aina tatu. Ya kwanza ni lengo la matokeo: kushinda, kupata medali, kuingia timu ya taifa, kumaliza juu ya fulani. Ya pili ni lengo la kiwango, ambalo unajipima nalo wewe mwenyewe: kukimbia kilomita 10 chini ya dakika 50, kufikisha asilimia 80 ya mitupo huru kwenye mpira wa kikapu. Ya tatu naiita lengo la kazi: kile hasa utakachokifanya, leo na kesho, ili kiwango kipande. Kulala kwa muda wa saa nane. Kukimbia mara nne kwa wiki. Kulegeza mabega unapopanda mlima.

Tofauti kubwa kati ya aina hizi ni nani anayelishika lengo mkononi. Matokeo yamo mikononi mwako kwa sehemu tu. Sehemu nyingine iko kwa mpinzani, kwa mwamuzi, kwa hali ya hewa, na wakati mwingine, kama Montreal, kwa serikali. Kiwango kiko kwako zaidi, ingawa joto, upepo na homa vinaweza kukiharibu. Kazi ya leo iko kwako karibu yote.

Ndiyo maana huwa nasikitika ninapotazama timu zetu zikikabidhiwa bendera kabla ya kusafiri. Kiongozi anasema tunataka medali, mwanariadha anaahidi medali, picha zinapigwa. Hakuna ubaya kuitamani medali. Bila tamaa hiyo nani angeamka alfajiri yenye baridi? Lakini ahadi ya medali haimwambii mwanariadha afanye nini Jumanne asubuhi. Inamwongezea mzigo kifuani siku ya mashindano, halafu ikikosekana tunamhukumu kwa jambo ambalo sehemu yake kubwa haikuwa juu yake.

Utafiti wa malengo haukuanzia uwanjani. Mwanasaikolojia Edwin Locke na mwenzake Gary Latham walijenga nadharia yao kwa kuchunguza watu kazini na katika majaribio ya maabara, kuanzia miaka ya 1960. Walichokikuta kilijirudia mara nyingi: mtu aliyepewa lengo mahususi na gumu hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa “jitahidi uwezavyo”. Sababu zake si za ajabu. Lengo mahususi hukuelekeza wapi pa kutia nguvu, huamsha juhudi inayolingana na ugumu wa kazi, hukufanya udumu, na hukulazimisha kutafuta mbinu. “Jitahidi” haina mahali inapokwisha, kwa hiyo kila mtu hujiamulia mwenyewe kwamba amejitahidi vya kutosha.

Mwaka 1985 Locke na Latham waliandika kwamba mambo hayo yangefanya kazi vizuri zaidi michezoni, kwa kuwa huko kila kitu kinapimika. Watafiti walipojaribu, majibu yakawa na mawimbi. Mara yalionekana, mara hayakuonekana. Chanzo kimoja kinaeleweka na kocha yeyote. Ukimwambia mwanamichezo “jitahidi tu”, yeye hutafuta lengo lake kimyakimya. Anamwangalia wa pembeni, anaangalia saa, anaamua kuvunja alama yake ya wiki iliyopita. Kundi ambalo katika majaribio lilitarajiwa kuwa halina lengo lilikuwa na malengo tele.

Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti za malengo michezoni na kuzilinganisha kwa aina. Malengo ya kazi ndiyo yaliyoonyesha athari kubwa kuliko yote katika kuinua kiwango, yakifuatwa kwa mbali na malengo ya kiwango. Malengo ya matokeo peke yake yalikuwa na athari ndogo mno. Tafiti zenyewe si nyingi, lakini mwelekeo wake unaendana na kinachoonekana kwenye kambi za mbio ndefu.

Tuchukue mfano tuupige hesabu hadi mwisho. Mkimbiaji wa kawaida wa Moshi, mwenye kazi na familia, alimaliza nusu marathoni ya Kilimanjaro kwa saa 2 na dakika 10. Mwaka ujao anataka kushuka chini ya saa 2. Lengo hili ni la kiwango, ni mahususi, lina tarehe. Wengi huishia hapo: wanaliandika kwenye simu, wanawaambia marafiki, wanaanza kukimbia kwa nguvu kila siku mpaka goti linalalamika.

Hesabu inaanza na kasi. Nusu marathoni ni kilomita 21.1. Saa 2 na dakika 10 ni sawa na dakika 6 na sekunde 10 kwa kila kilomita. Saa 2 kamili ni dakika 5 na sekunde 41. Pengo lake ni takriban sekunde 29 kwa kilomita. Sasa “dakika kumi” iliyoonekana kama wingu ina umbo, na mtu anaweza kwenda uwanjani akajaribu kilomita moja kwa 5:41 aone mwili unasemaje.

Hatua inayofuata ni alama za njiani, maana mwaka mzima ni mrefu mno kusubiri jibu. Mhandisi wa Marekani, Peter Riegel, alitunga kanuni rahisi ya kukadiria muda wa umbali mmoja kutokana na mwingine. Kwa kanuni hiyo, mtu wa saa 2:10 kwenye nusu marathoni ana uwezo wa takriban dakika 59 kwenye kilomita 10, na wa saa 2 anahitaji takriban dakika 54. Basi miezi mitatu ya kwanza lengo linaweza kuwa kushuka hadi 57, na mitatu inayofuata 55 na kitu. Kila jaribio la kilomita 10 ni kipimo: ama mpango unafanya kazi, ama unahitaji kubadilishwa mapema, kabla mwaka haujapotea.

Halafu inakuja kazi yenyewe, na hapa ningemshauri asiandike zaidi ya mambo matatu. La kwanza, siku nne za kukimbia kila wiki, hata kama moja ni nusu saa tu. La pili, moja ya siku hizo iwe na vipande vya kilomita moja moja kwa kasi ya 5:35 hadi 5:41, na mapumziko ya kutembea katikati. La tatu, mbio ndefu ya Jumapili iende taratibu kiasi cha kuweza kupiga soga na mwenzake bila kukata pumzi. Hili la tatu ndilo gumu kuliko yote kwa wanaoanza. Wanaona aibu kukimbia polepole. Wangeenda Iten au Kaptagat, kwenye kambi za mbio ndefu za Kenya, asubuhi wangeshangaa kuona mabingwa wakianza mbio zao nyepesi kwa mwendo ambao mtu yeyote mwenye afya angeufuata kwa dakika chache.

Yote hayo yanaandikwa. Eliud Kipchoge, Mkenya wa marathoni aliyefundishwa na kocha Patrick Sang kwa miaka mingi, anajulikana kwa madaftari yake ambamo ameandika kila zoezi. Daftari halina sifa wala lawama. Linaonyesha kilichofanyika na kisichofanyika. Mkimbiaji wetu wa Moshi akifungua lake mwezi wa nne akakuta Jumatano tano mfululizo zimeachwa wazi, hana haja ya kujiita mvivu. Anahitaji kuuliza Jumatano kuna nini. Labda ni siku ya kufunga hesabu kazini, basi zoezi lihamie Alhamisi. Lengo lisilo na mrejesho hufa bila mwenyewe kujua, na sehemu kubwa ya nguvu ya malengo ambayo watafiti wameiona inategemea mtu kujua amefika wapi.

Suala la ugumu limewachanganya wengi. Locke na Latham walikuta kwamba lengo gumu huleta juhudi kubwa, lakini kwa masharti: mtu awe na uwezo wa kulifikia na awe amelikubali moyoni. Kwenye michezo, uchambuzi wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba malengo ya ugumu wa wastani ndiyo yaliyosaidia zaidi. Nadhani sababu ni kwamba mwili una mipaka ambayo haibembelezwi. Karani anaweza kuongeza juhudi mara mbili kwa wiki moja. Mkimbiaji akiongeza kilomita mara mbili kwa wiki moja anavunjika.

Kipchoge tena ni mfano wa lengo kubwa lililovunjwavunjwa likawa jambo la kufanyika. Kukimbia marathoni chini ya saa mbili lilikuwa wazo ambalo wengi walilikataa. Mei 2017, kwenye uwanja wa magari wa Monza, Italia, alimaliza kwa 2:00:25. Oktoba 12, 2019, Vienna, alimaliza kwa 1:59:40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa sababu wadhibiti kasi 41 walikuwa wakipokezana na masharti mengine ya mashindano hayakufuatwa. Lakini tazama jinsi kazi ilivyokuwa ndogo ukiigawa: kilomita moja kwa dakika 2 na sekunde 50, kisha nyingine vivyo hivyo. Kasi yake haikuyumba zaidi ya sekunde chache kutoka kilomita moja hadi nyingine. Hakuna anayeweza kukimbia “chini ya saa mbili” akiwa kilomita ya 17. Anachoweza ni kukimbia kilomita ya 17.

Namba kamili, kama saa 2 au saa 4, zina mvuto wake, na mvuto huo unapimika. Watafiti wanne, Eric Allen, Patricia Dechow, Devin Pope na George Wu, walichambua karibu matokeo milioni 10 ya waliomaliza marathoni. Walikuta watu wamerundikana kabla tu ya saa 3, saa 3:30 na saa 4, na wachache mara baada ya hapo. Miguu haina saa ndani yake. Ni lengo lililowafanya watu waliochoka kabisa kuchomoa nguvu kwenye kilomita za mwisho. Ila upande wa pili upo: anayeona kwamba saa 4 imeshampita mara nyingi hulegea, kana kwamba saa 4:03 na saa 4:15 ni kitu kimoja. Ndiyo sababu napenda mtu aende kwenye mbio akiwa na malengo matatu yaliyopangwa kwa ngazi. Mkimbiaji wa Moshi: chini ya saa 2 mambo yote yakienda sawa; chini ya 2:05 siku ikiwa ya kawaida; na siku ikiharibika, kumaliza bila kutembea kwenye kilomita tano za mwisho. Likishindikana la kwanza, la pili liko hai bado.

Siku ikiharibika si maneno ya kujifariji. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza usiku wa manane kukwepa jua, na bado joto lilipita nyuzi 30. Walianza 68, wakaacha njiani 28. Mshindi alitumia saa 2:32:43, muda ambao ungemwacha mbali sana kwenye marathoni kubwa ya mji wenye baridi. Aliyeingia na kasi aliyoizoea kichwani, akakataa kuiacha, aliadhibiwa na mwili wake. Hata Moshi kwenyewe, njia ya nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi chini, na ukiishikilia 5:41 kwenye mlima ule utafika juu umejimaliza. Hapo lengo la kasi liwekwe kando kwa muda, mtu aongozwe na pumzi yake: apande kwa juhudi ile ile, hata kama saa inasoma dakika sita na zaidi, na ailipe tofauti wakati wa kuteremka.

Kwa nyakati kama hizo kuna mbinu ambayo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameifanyia utafiti kwa miaka mingi: kupanga mapema kwa “nikikutana na hili, nitafanya hili”. Nikihisi miguu mizito kilomita ya 15, nitahesabu hatua mpaka mia kabla ya kuamua lolote. Nikikosa maji kituo cha kwanza, sitarudi nyuma, nitakunywa mara mbili kituo cha pili. Uamuzi ukishafanywa sebuleni, mtu aliyechoka hahitaji kubishana na nafsi yake barabarani. Mwingereza Paula Radcliffe, aliyekimbia marathoni ya London kwa 2:15:25 mwaka 2003, alikuwa akihesabu mpaka mia, na mara tatu za kuhesabu zilimpa takriban maili moja.

Tahadhari moja kuhusu malengo ya kazi wakati wa mashindano. Mtu anayejifunza anahitaji maelekezo ya kina: mguu utue wapi, kiwiko kikae vipi. Aliyezoea akianza kufikiria kila hatua anaharibu mwendo ambao mwili ulishauhifadhi. Mpiga penalti aliyefunga mia mazoezini huikosa moja ya fainali kwa njia hiyo hiyo. Mzoefu anahitaji neno moja tu la kujikumbusha, kama “laini” au “mabega”, si orodha.

Na kuna watu ambao lengo la namba haliwafai kwa sasa. Anayeanza kukimbia baada ya miaka kumi ya kukaa ofisini hajui bado uwezo wake ukoje. Ukimpa muda wa kufikia unampa nafasi ya kushindwa kila jioni. Utafiti wa karibuni, hasa wa Christian Swann na wenzake, umeonyesha kwamba kwa wasio na mazoea ya mazoezi, lengo la wazi la “tuone leo nitafika wapi” linaweza kupendeza na kuwafanya waendelee kuliko lengo la namba. Watoto nao wako hapa. Mtoto wa miaka 11 anayepimwa kwa vikombe tu ataacha mchezo siku wenzake watakapomtangulia kubalehe na kumpita kwa urefu na nguvu, hata kama kipaji chake ni kikubwa kuliko chao.

Matokeo yana nafasi yake, nayo ni mbili: mwanzoni, unapochagua barabara, na mwishoni kabisa, pale mpinzani anapokuwa kando yako. Septemba 15, 2025, Tokyo, Alphonce Simbu aliingia uwanjani nyuma ya Mjerumani Amanal Petros kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia. Saa ilikuwa haina maana tena. Joto lilikuwa limeshaamua kwamba muda hautakuwa mzuri. Miezi michache kabla, Boston, Simbu alikuwa amekimbia 2:05:04 akawa wa pili. Tokyo alikimbia 2:09:48 akawa bingwa, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Fainali ya mita 100 ya wanaume siku moja kabla iliamuliwa kwa sekunde 0.05. Kwenye mita mia za mwisho lengo lilikuwa mgongo wa Petros, basi. Lakini nyuma ya mita hizo kulikuwa na shaba ya Mashindano ya Dunia ya London 2017, nafasi ya tano Olimpiki ya Rio 2016, ya saba Olimpiki ya Tokyo na ya 17 Paris 2024. Angekuwa anapima maisha yake kwa medali peke yake, Paris ingetosha kumwondoa barabarani.

Kubaki na lengo si fadhila kila wakati. Mwaka 2012 Kipchoge, bingwa wa dunia wa mita 5000 wa mwaka 2003 na mshindi wa medali mbili za Olimpiki katika umbali huo, alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Angeweza kuendelea kung'ang'ania uwanja. Alihamia barabarani, na Aprili 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, kwa 2:05:30. Alibadilisha umbali; kambi, kocha na daftari vilibaki.

Vivyo hivyo kwa wa Moshi. Akiumia goti wiki sita kabla ya mbio, kuulizana kama “ameshindwa” hakuna faida. Saa 2 inahamishiwa mbio za mwaka unaofuata, au nusu marathoni nyingine ya baadaye yenye njia tambarare. Kazi ya wiki hii inakuwa mazoezi aliyopewa na mtaalamu wa viungo, mara ngapi kwa siku na kwa dakika ngapi, na kuendesha baiskeli kama ameruhusiwa. Anayaandika kwenye ukurasa ule ule ambapo zingekuwa kilomita zake.